Mtani Alipoacha Kutukana

Mume wangu alipoanza kukonda, mtu wa kwanza kulisema hilo kwa sauti alikuwa mtani wake. Alilisema mbele ya watu, Jumamosi mchana, mgahawani Barking, hapa London, huku ameshika paja la kuku.

"Shemeji, huyu unamkamua? Amebaki kibendera cha kona. Upepo ukivuma mfunge kamba."

Watu walicheka. Mume wangu alicheka kuliko wote, kisha akamjibu kwamba kibendera cha kona angalau huingia uwanjani kila mechi, tofauti na makipa fulani tunaowafahamu. Hapo meza nzima ilipiga kelele, mmoja akagonga sahani kwa kijiko, na mama mwenye mgahawa, Mkenya, akatoka jikoni kuja kuona kama tunapigana.

"Nyinyi Watanzania mnatusiana aje hivi na bado mnakula pamoja?" alisema. "Kwetu mtu angekuwa ashatolewa meno."

"Hatutukanani, mama," mtani alimwambia. "Tunataniana."

Mama yule alirudi jikoni akitikisa kichwa. Simlaumu. Wasiotoka kwetu hudhani utani ni mzaha. Mzaha ukikuchosha unauacha. Utani ni wajibu, unazaliwa nao au unaukuta, na mtani wako ana haki ya kukucheka ukiwa umefiwa na wewe huna haki ya kununa. Kuna watani wa makabila na watani wa ukoo. Sisi wa meza ile tulikuwa watani wa vyuo.

Vyuo vyenyewe vilikuwa viwili, vyote vya ualimu, katika wilaya moja. Chetu kilikuwa mlimani, chao bondeni, katikati barabara ya vumbi na soko. Sisi tuliitwa wa Juu, wao wa Chini. Walikuwa na makombe mengi kuliko sisi, hilo sibishi, ingawa mume wangu alilibishia mpaka akaingia nalo kaburini. Lakini sisi tulikuwa na watu. Wa Juu wakicheza, soko lilifungwa. Wauza nyanya walipanda mlima na matenga yao kichwani kuja kututazama tukifungwa.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza alifariki mama wa msichana tuliyelala naye bweni moja. Wa Chini walikuja msibani. Mmoja wao akajifunga kanga ya marehemu, akaanza kutembea kama yeye, anachechemea na kuwafokea watu kwa kuleta kuni mbichi. Msichana yule alikuwa hajatoa chozi tangu habari imfikie. Alicheka mpaka akaketi chini. Ndipo alipolia, akalia vizuri, na aliyemshika ni yule yule aliyevaa kanga ya mama yake. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na mimi niliijua tangu siku hiyo.

Mtani wa mume wangu alikuwa golikipa wa Chini. Mume wangu alikuwa mshambuliaji wa Juu. Wakati huo hakuwa mume wangu, alikuwa kijana wa mwaka wa pili aliyekuja kuniazima kalamu huku yake imechomoza mfukoni. Walikutana katika fainali ya vyuo, uwanjani kwetu, na mimi nilikuwa nyuma ya goli nimejipaka masizi usoni, sauti imeshakauka kwa kuimba.

Siku hiyo alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, wa timu kubwa ya ligi kuu. Alisimama pembeni ya uwanja na mwavuli mweusi ingawa mvua haikuwepo. Hakuongea na mtu. Ilikuwa imeenea vyuo vyote viwili kwamba ataondoka na mchezaji mmoja, na wachezaji wote walicheza wakiutazama mwavuli.

Dakika za mwisho tulipata penalti. Mume wangu aliuweka mpira chini, akaurekebisha, akarudi nyuma kwa hatua nyingi kupita kiasi. Nilijua kabla hajaanza kukimbia. Aliupaisha. Mpira ulipita juu ya mtambaa wa panya, juu ya vichwa vyetu, ukaingia katika mahindi ya watu na haukupatikana siku hiyo. Wa Chini walichukua kombe. Mtu wa mwavuli aliondoka na golikipa wao.

Hayo ndiyo yaliyojadiliwa Barking kila Jumamosi, na wala sikuyachoka. Maisha yalituleta London kila mtu kwa mlango wake. Mume wangu alilinda mlango wa jengo la ofisi, mtani akawa dereva wa basi, mimi nikafanya kazi ya uuguzi. Walipogundua kwamba wote wapo mji huu walikumbatiana kituoni mbele ya watu, na kabla hawajaachana mtani alishasema, "Mimi nililinda goli, wewe unalinda vyoo vya Wazungu." Mume wangu akamwangalia na sare yake ya basi. "Hongera," akamwambia. "Hatimaye umepewa namba mgongoni."

Lilimwingia mtani, maana hilo ndilo lilikuwa donda lake. Kule Dar hawakumchezesha hata mechi moja. Alifanya mazoezi, akakaa benchi, akabeba chupa za maji, na msimu ulipokwisha wakamrudisha nyumbani. Mume wangu alimwita mlinzi wa chupa. Naye mtani alikuwa na silaha yake: kidole cha kati cha mkono wa kulia, kilichopinda kwenye kifundo. Alikiinua juu ya sahani kila Jumamosi, akakizungusha watu wote wakione.

"Hiki ndicho kilichougusa. Msidanganywe na huyu. Mpira ulikuwa unaingia, nikauchokoa kwa ncha, ndiyo maana ukapaa."

"Hukuugusa," mume wangu angesema. "Nilipaisha mwenyewe. Kidole hicho kilibanwa na mlango wa basi."

Fikiria ubishi huo. Mmoja alitaka aaminiwe kwamba kuna siku moja maishani alifanya kitu uwanjani. Mwingine alitaka aaminiwe kwamba alikosa kwa mguu wake mwenyewe, hakuna kipa aliyemzuia. Wengine mezani waligawanyika, wakaongeza yao kuhusu nani alikuwa na mashabiki, makombe gani yahesabiwe, na kama mtu wa mwavuli angemchukua mume wangu laiti angefunga. Mtani alisema asingemchukua hata angefunga mara tatu, kwa sababu alikuwa na magoti ya mbuzi. Nilikuwa nyuma ya goli lile, na mara nyingi waligeuka wote kunitaka niseme nilichokiona. Nilikataa miaka yote. Ningesema, Jumamosi zingekwisha.

Kitu kimoja tu hakikuruhusiwa mezani, nacho ni pole. Mwaka mmoja mume wangu alipata mafua makali, akaja amejifunga shali, na mtani likamtoka, "Pole, ndugu yangu." Mume wangu aliweka kikombe chini. "Mtani akikupa pole," alisema, "nenda kachague jeneza." Tulicheka sana siku hiyo.

Kisha ndipo akaanza kukonda. Hospitali walimpima, wakampima tena, halafu wakatuita wote wawili. Daktari alikuwa dada wa umri mdogo, mwenye sauti laini. Alivuta kiti karibu, na mimi niliyefanya kazi wodini nilishajua maana ya kiti kuvutwa. Mume wangu alimsimamisha kwa mkono.

"Mwambie mke wangu," alisema. "Mimi nikitaka matokeo nitamuuliza yeye."

Daktari alimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Akasema anao, akachukua kofia yake, akaenda kukaa kwenye korido akatazama watu wakipita. Mimi nikaambiwa. Nilipotoka alisimama, akanishika mkono, akauliza kama tutapita sokoni kununua bamia. Hakuuliza siku ile wala baadaye. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, lakini hapa aliyeficha ni mimi, na nilificha kwa amri ya mwenye maradhi. Alikuwa amechagua kubaki mtu mzima kati ya watu wazima mpaka mwisho, na hilo ndilo jambo pekee lililokuwa limebaki mikononi mwangu nimlindie.

Nilijua ni wapi lingevuja. Nilimfuata mtani kituo cha mwisho cha basi lake, nikamkuta kwenye mapumziko, anakunywa chai ya chupa kwenye kiti cha dereva, milango wazi. Nilipanda nikamwambia yote. Uso wake ukaanza kuharibika.

"Usilie," nilimwambia. "Sikuja kutafuta wa kulia naye. Nimekuja kukuomba umtukane."

"Shemeji."

"Kama kawaida. Zaidi ya kawaida. Siku utakayomwonea huruma, atajua. Unamfahamu."

"Nitawezaje, shemeji? Mtu anakufa, nimwambie ana magoti ya mbuzi?"

"Ndiyo. Umwambie hivyo hivyo."

Alifunga na kufungua kifuniko cha chupa ya chai mpaka taa za basi zikawaka na muda wake wa kuondoka ukafika. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Nikashuka, na yeye akaondoa basi, abiria wawili ndani, macho mekundu kama mtu aliyemenya vitunguu.

Na alijitahidi, nisimnyime haki yake. Nywele za mume wangu zilipoanza kutoka, alimuuliza kama amenyoa ili mpira wa kichwa uteleze vizuri. Chapati ilipomshinda katikati alisema, "Hata hiyo utaipaisha?" Alipokuja mara ya kwanza na mkongojo, watu walisogeza viti kumpisha. Mtani alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Leo umekuja na miguu mitatu," alisema, "na bado hufungi."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo, na alipopata pumzi jambo la kwanza alilofanya ni kumnyooshea mtani mkongojo ule. "Mleteeni huyu chupa azilinde. Amekaa bila kazi."

Ilikuwa inatisha kutazama. Mama Mkenya alikuwa anaweka sahani na kukimbia. Lakini nilimwona mume wangu akirudi nyumbani siku hizo. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa mgonjwa: vidonge, mito, simu za watu wenye sauti za kanisani wakimuuliza anaendeleaje. Jumamosi alikuwa mshambuliaji wa Juu, ana adui wake hai mbele yake. Alirudi na njaa. Alikula supu mpaka akafuta bakuli.

Mtani naye, kila alipomtupia kombora zito, alitoka nje "kupokea simu". Kupitia kioo nilimwona amesimama mbele ya duka la simu la jirani, ametupa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Mume wangu alikaa kiti kinachotazama jikoni. Nilihakikisha anakaa hicho kila mara.

Binti yetu ndiye aliyeyavunja haya, na alivunja kwa upendo. Amezaliwa hapa, anafundisha sekondari Peckham. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza. Jumamosi moja treni hazikuwa zikitembea, akatuendesha kwa gari lake mpaka Barking, akakaa nasi mezani. Siku hiyo mtani alikuwa amepamba moto. Alimwambia mume wangu kwamba wa Chini wamekwisha kukubaliana, wakati ukifika watamzika amesimama, maana kwa wembamba ule atahitaji shimo la mti wa bendera tu. Mume wangu alijipiga paja kwa furaha. Binti yangu alisimama akatoka akaenda kukaa garini.

Nyumbani alinishika jikoni.

"Mum, this is bullying."

Nilimweleza. Nilimweleza watani ni nani, nikamsimulia hata ile kanga ya marehemu. Alinisikiliza mikono imefumbatwa. Ya daktari nilikuwa nimeshamwambia. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba baba yake anakufa, watu wanamcheka usoni, na mimi nimekaa pale nawamiminia chai.

"Huruma unayoijua wewe ni ile ya kadi," nilimwambia. "Unainunua dukani, imeshaandikwa, unatia sahihi."

Nilijua nimemuumiza, na nilikusudia. Alilia. Alisema anataka tu mtu mmoja ampe baba yake neno zuri kabla hajaondoka. Nikamwambia maneno mazuri amepewa ya kutosha na watu wa kanisani, wala hajashiba. Tukaishia hapo. Kumbe yeye hakuishia hapo. Namba ya mtani aliitoa kwenye simu ya baba yake, akampigia, akamlilia. Alimwambia kama kweli anampenda Baba, amwambie jambo moja jema kabla hajachelewa, la sivyo ataishi nalo maisha yake yote. Hayo niliyasikia baadaye kutoka kwa mtani mwenyewe. Mtu yule alikuwa ameapa kwa kaburi la mama yake, akaangushwa na kilio cha mtoto wa watu kwenye simu.

Jumamosi iliyofuata, tulipoingia mgahawani, mtani alisimama akamvutia mume wangu kiti. Kiti kilivutwa mara ya pili mwaka ule. Nilitaka kugeuka nimrudishe mume wangu kituoni, lakini alikuwa ameshaketi.

Mtani alikuwa amekwisha kumwagizia supu. Mume wangu aliitazama supu, akamtazama yeye, akangoja. Hakuna kilichokuja. Alingoja kama mtu aliyetoa noti dukani anangoja chenji. Mwishowe akaamua kumchokoza mwenyewe.

"Vipi, mlinzi wa chupa? Leo umemeza filimbi?"

Mtani alikishika kile kidole kilichopinda kwa mkono wa pili, akakificha chini ya meza.

"Kaka," alisema. Hakuwahi kumwita kaka. "Kaka, sikuugusa. Mpira ule sikuugusa. Kidole hiki kilibanwa na mlango wa basi, kama unavyosema siku zote. Na mtu wa mwavuli alikosea. Aliyestahili kwenda Dar ni wewe. Wote tulijua. Hata mimi, nilipopanda gari lao, nilijua nimekaa kiti chako."

Maneno yale ndiyo mume wangu aliyoyadai tangu ujana wake. Aliyadai sokoni, kwa simu, kwa barua, aliyadai kila Jumamosi mji huu wa baridi. Sasa yamemwagwa mbele yake pamoja na supu.

Aliweka kijiko chini taratibu. Alimtazama mtani kwa muda, kisha akanitazama mimi. Nami, ambaye nimewatazama machoni wagonjwa wengi nikawaambia wataona kesho, nilitazama chumvi.

"Matokeo ni mabaya kiasi hicho?" aliniuliza.

Alikuwa amesema akitaka ataniuliza. Ameniuliza. Nikamwambia ndiyo.

Akaitika kwa kichwa. Kisha akamgeukia mtani. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa uso wa mgonjwa, wa Jumatatu.

"Yarudishe," alimwambia. "Sema uliugusa."

Mtani alishaanza kulia waziwazi.

"Sema uliugusa, bwana."

"Niliugusa," mtani alisema, kamasi zinamtoka.

"Hapana," mume wangu alisema. "Hujui tena."

Akaomba koti lake. Kwenye basi tulikaa viti vya mbele, vya wazee na wajawazito, na hakuongea mpaka tulipokaribia nyumbani. "Mtani wangu amenitangulia," alisema. "Nimebaki na ninyi mnaonipenda." Sijawahi kuambiwa neno kali kuliko hilo, na lilisemwa kwa upole.

Hakurudi Barking. Mtani alikuja nyumbani na bakuli la supu, akasimama mlangoni. Mume wangu aliniashiria kutoka kitandani niseme amelala, nami nikasema amelala, huku akikohoa nyuma yangu sote tunasikia. Mtani aliacha bakuli. Alikuja tena, akajaribu kupiga kelele kutoka koridoni kwamba magoti ya mbuzi hayauguzwi, yanapikwa mchuzi. Sauti ilimkatikia katikati. Nilipoingia chumbani, mume wangu alikuwa ameugeukia ukuta.

Alifariki kabla Waingereza hawajasogeza saa zao mbele, mwishoni mwa Machi, asubuhi ya mvua nyembamba, mkono wake mkononi mwa binti yake. Binti yangu alilia sana. Baadaye, tulipokuwa tunachagua suti ya kumzikia, alinishika bega. "At least Uncle got to say it," alisema. Anaamini kwamba baba yake aliondoka na zawadi. Nilikunja suruali, nikaikunja tena, nikanyamaza. Ni mwanangu wa pekee. Nikimwambia alichokifanya, atakibeba mpaka azeeke. Hasira yangu ilihitaji pa kwenda, na niliielekeza yote kwa aliyeapa kwangu kisha akavunja.

Siku ya mazishi gari la maiti lilikwenda polepole, na mbele yake alitembea Mwingereza wa kampuni ya mazishi, kofia ndefu, fimbo mkononi, kama desturi yao. Sisi tulifuata kwa gari la pili. Tulipofika kwenye lango la makaburi, Mwingereza alisimama. Gari likasimama.

Langoni, kati ya nguzo mbili za matofali, alisimama mtani. Alivaa koti la kazi la kampuni yake ya mabasi na mikononi glavu za golikipa, mpya, za rangi ya machungwa, bado zina lebo. Miguu ameipanua, mikono ameitanua, anayumba kushoto na kulia kama kipa anayengoja penalti.

"Hapiti!" alipiga kelele. "Huyu hajawahi kunipita akiwa na miguu, leo atanipitaje amelala?"

Watu wetu waliokuwa nyuma walishuka kwenye magari. Nikamsikia mmoja akicheka, halafu wengine, kile kicheko cha misibani kinachotoka pamoja na machozi. Mtani alikuwa amekuja kufanya kazi yake. Ndiyo haki ya watani, kuizuia maiti njiani mpaka wafiwa watoe wanachodaiwa. Mwingereza wa kofia alikuja dirishani kwangu akauliza kwa adabu kama ningependa aite polisi.

"Mum, what is he doing?" binti yangu alisema.

"Kazi yake," nilimjibu. "Amechelewa."

"Mnataka apite?" mtani alikuwa anaendelea kuita, anapiga makofi na glavu zake. "Basi shemeji atamke mbele ya watu. Alikuwa nyuma ya goli. Miaka yote ameficha. Aseme niliugusa!"

Nikashuka. Watu walinifungulia njia, wananyamazishana. Nilitembea mpaka mbele yake. Kwa karibu nilimwona jinsi alivyozeeka msimu ule mmoja, na jinsi alivyokuwa ananiangalia, anaomba. Nilikiona kile kidole kikiinua ngozi ya glavu.

"Hukuugusa," nilisema. Nilisema kwa nguvu, wote wasikie. "Siku ile hukuugusa, nilikuwepo, hukufika hata karibu. Na siku ulipopewa goli moja tu la kulinda, ulitoka ukaliacha wazi. Dar walikujua ndani ya msimu mmoja. Sisi tumechelewa. Toka njiani, mlinzi wa chupa."

Kisha mtani akarudisha kichwa nyuma akacheka, kicheko kikubwa, cha zamani, cha mgahawani. Akajirusha upande kama kipa aliyepotezwa, akaanguka kwenye nyasi zilizolowa, mikono imenyooka upande ambao mpira haukwenda, akalala pale akicheka na kulia huku gari la mume wangu likimpita taratibu. Watu walipiga vigelegele. Hata Mwingereza alivua kofia.

Baada ya maziko alinijia, tope limemjaa ubavuni, akanishika mikono yangu miwili.

"Asante, shemeji," alisema. "Nilidhani umenikasirikia. Ulivyonipiga pale langoni, nikajua yamekwisha."

Tangu hapo huja kwangu kila Jumamosi na supu. Hukaa kiti cha marehemu, huniambia nimekuwa mnene kama refa, huniinulia kidole chake, na hungoja nimjibu. Namjibu. Mara nyingine nacheka, kwa sababu mtu yule anachekesha. Anaamini kwamba mimi sasa ndiye mtani wake, kwamba nimeushika utani pale mume wangu alipouacha. Akimaliza huosha bakuli lake, huvaa koti la basi, hunibusu paji la uso na kwenda zake ameridhika.

Sijamwambia kwamba pale langoni sikuwa namtania.